Simu ya Jumanne

Mwanamume aliyefanya kazi miaka ishirini na sita akastaafu bila kujiandaa ni balaa la nyumba nzima. Mkewe ndiye aliyesema hivyo, na wala hakusema kwa kunong'ona. Alisema akiwa kwenye cherehani yake pale chumba cha mbele, mteja amesimama mikono juu anapimwa kifua, huku yeye anamwomba mumewe kwa mara ya tatu wiki ile apewe nenosiri la intaneti ya nyumbani. Mume wake alikuwa amelibadilisha tena.

"Baba Watoto, humu ndani mna cherehani mbili na runinga moja. Huyo mwizi wa mtandaoni akiingia ataiba nini? Vipimo vya suruali za watu?"

"Usalama hauna likizo," mume alijibu.

"Basi uufuate huko uliko. Mimi nina watu wa kuwavisha."

Mteja akacheka mpaka tepu ikateleza. Mume hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni hata siku ya joto, na kazini kote walikuwa wakimwita Kufuli. Alikuwa mkuu wa usalama wa kompyuta katika shirika la maji la mji. Jina lile lilianza kama utani wa vijana wa ofisini, likazoeleka, mwishowe hata mkurugenzi akawa analitumia kwenye vikao. Mwenyewe hakuchukia. Siri yake ni kwamba alikuwa akilipenda.

Sasa mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu apewe saa ya ukutani na keki ya kumuaga. Simu yake ilikuwa ikikaa siku mbili bila kuita. Asubuhi alikuwa anaamka saa kumi na moja, anaoga, anavaa, halafu anakaa sebuleni amevaa viatu, hana pa kwenda. Mkewe alimwona akiwa vile mara nyingi. Alimtania kwa sababu hakujua la kumfanyia, na mtani hana ubaya.

Ndipo binti yao, muuguzi aliyekuwa anaishi mji mwingine, alipomtumia tangazo. Chuo kikuu kilikuwa kinatafuta mhadhiri wa muda wa kufundisha usimamizi wa usalama wa mitandao: Jumatano na Alhamisi jioni, Jumamosi asubuhi. Aliyekuwa akilifundisha somo hilo alikuwa ameondoka muhula ukiwa katikati, wanafunzi arobaini na wanne wakabaki na madaftari wazi.

Alilisoma akiwa amesimama, akakaa akalisoma, akasimama tena. Si mshahara uliomsisimua. Kilichomgusa ni kwamba kuna mahali, siku tatu kwa wiki, watu wangekuwa wanaangalia mlango wakimsubiri yeye aingie. Aliitaka kazi ile kwa namna ambayo hakuwahi kutaka kitu tangu alipokuwa anaposa, na mtu wa umri wake huona haya kusema hivyo.

Masharti yalikuwa manne. Shahada ya uzamili, anayo. Uzoefu wa miaka kumi, anao mpaka unamwagika. La tatu, atoe mhadhara wa majaribio wa dakika ishirini mbele ya kamati, kuhusu tukio alilolisimamia yeye mwenyewe. La nne, aambatishe nakala ya ripoti ya tukio hilo.

Hakuhitaji kufikiri ni tukio gani. Mji mzima ulikuwa unalijua. Miaka sita nyuma wahalifu wa mtandaoni waliingia kwenye kompyuta za shirika la maji, wakazifunga zote, na pampu zikanyamaza. Siku tisa watu walizunguka na ndoo. Mahospitali yaliletewa maji kwa malori. Kufuli alilala kwenye sakafu ya chumba cha mitambo siku zote tisa, akala mkate mkavu, na ya kumi maji yakarudi. Alipewa cheti, kikatiwa fremu. Kwa watu wa kazi ile, tukio kama hilo ni mtaji. Wengine humaliza maisha yao yote ya kazi bila kuona hata moja.

Akaenda ofisini kwake kwa zamani kuomba nakala ya ripoti. Karani wa masijala alikuwa mgeni, hakumjua, akamwambia asubiri kwenye benchi na wengine. Alisubiri. Akapewa kurasa nne zenye muhuri, akarudi nazo nyumbani, akazifungua juu ya meza ya kulia chakula. Ilikuwa mara ya kwanza kuzisoma tangu siku alipotia sahihi.

Ukurasa wa tatu uliandikwa hivi: "Chanzo ni uzembe wa karani mmoja wa kitengo cha kumbukumbu za wateja, aliyefungua barua pepe ya wahalifu siku ya Jumanne, na ambaye hakutoa taarifa kwa mtu yeyote hadi mfumo ulipofungwa siku ya Ijumaa."

Akasoma tena. Hakutoa taarifa kwa mtu yeyote. Sentensi ilikuwa safi, imenyooka, haina kosa la tahajia hata moja. Na ilikuwa uongo, na aliyeuandika alikuwa yeye.

Hapa inabidi ieleweke alivyokuwa akifanya kazi, maana bila hivyo mtu ataona ni ukatili tu wa moyo, na haikuwa hivyo. Kufuli alikuwa na barua za mtego. Kila mwezi alitunga barua pepe za uongo, akazituma kwa wafanyakazi kana kwamba zimetoka nje: umeshinda zawadi, una kifurushi posta, orodha ya waliopandishwa vyeo hii hapa, bonyeza uone. Mwenye tamaa akibonyeza, jina lake linaingia kwenye orodha. Ijumaa saa nane mchana, ukumbini, Kufuli alisimama akaisoma ile orodha kwa sauti, jina moja baada ya jingine. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, isipokuwa wale waliotajwa. Alikuwa na kanuni moja asiyoivunja hata kwa mkurugenzi: kabla ya Ijumaa, hamwambii mtu kama barua fulani ni mtego wake au siyo. "Mtihani hauombwi majibu," ndivyo alivyokuwa akisema, na alijiona amesema neno la maana.

Jumanne ile saa nne asubuhi simu ya mezani iliita. Ni karani wa kumbukumbu za wateja, mwanamke mpole ambaye jina lake lilikuwa limeshasomwa ukumbini mara mbili.

"Samahani bosi, hii barua ya orodha ya likizo ni ya kwako? Mimi nimeshaifungua. Na kompyuta imekuwa nzito, inajifungua madirisha yenyewe."

Kufuli alikuwa ametuma mtego asubuhi ileile kwa watu arobaini. Aliona huyu mama amenasa mara ya tatu na sasa anatafuta mlango wa nyuma. Kwa kweli alitabasamu.

"Utajua Ijumaa," akamwambia, akakata simu.

Yule mama akaweka simu chini, akaendelea na kazi kwenye kompyuta nzito, akiwa na aibu yake, akisubiri Ijumaa. Ijumaa ilipofika hakuna orodha iliyosomwa. Skrini za kompyuta zote mia tatu zilikuwa nyekundu, zimefungwa.

Kwenye kikao cha nidhamu, mama aliulizwa kwa nini hakusema. Akajibu, "Nilisema. Nilimpigia bosi simu Jumanne." Mwenyekiti akageuza kichwa. Watu sita wakamtazama Kufuli. Binti yake alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, nyumba yake haina madirisha bado, mkurugenzi ameshamwandalia cheti. Sababu hazikosi, ukizitafuta zinakuja zenyewe zimepanga foleni.

"Sikumbuki," alisema.

Neno moja tu. Mama akafukuzwa kazi kabla ya mwisho wa mwezi.

Mkewe alimkuta pale mezani, karatasi mbele yake, uso umeshuka. Akadhani chuo kimemkataa hata kabla ya usaili. "Pole," akamwambia, "vyuo viko vingi." Ndipo Kufuli alipomweleza yote, kuanzia simu hadi lile neno. Alieleza akiitazama meza.

Mkewe akavuta kiti, akakaa. Halafu akauliza taratibu, "Ni yule? Yule wa siku tisa tuliyekuwa tunamcheka hapahapa mezani?"

Ndiye. Mji ulikuwa umempa jina, Mama Kiu, na nyumbani mwao lilikuwa limegeuka msemo. Mtoto akimwaga chai, "Angalia, usiwe Mama Kiu." Taa ikizimika, "Mama Kiu kapita." Walilicheka jina hilo mwaka mzima, na Kufuli alicheka pamoja nao.

"Mimi sina la kukufundisha," mkewe alisema, akasimama. "Ila chakula cha leo jipakulie mwenyewe."

Asubuhi yake Kufuli akapiga simu chuoni, akamuuliza katibu wa idara kama anaweza kubadilisha tukio. Katibu alikuwa mchangamfu. "Ah, mzee wangu, unaweza. Lakini kwa nini? Mkuu wa idara alipoona jina lako tu akasema, huyu ndiye wa siku tisa. Ana hadi picha za watu na ndoo. Wanakusubiri wewe na hilo tukio lako. Njoo nalo tu, kazi ni kama umeshaipata."

Akashukuru, akaweka simu chini. Angeweza kabisa kwenda nalo. Ripoti ina muhuri, mkurugenzi wa wakati ule ameshafariki, wajumbe wa kikao wametawanyika. Angesimama mbele ya kamati akafundisha uzembe wa karani mmoja. Mwakani wanafunzi wangeandika kwenye madaftari, mwaka mwingine wengine wangenakili kwa wale, na yule mama angekuwa somo. Angekuwa mzembe wa vizazi. Hilo ndilo lililomkosesha raha, maana hadi siku ile uongo wake ulikuwa umelala kwenye kabati la masijala, na sasa yeye mwenyewe ndiye alikuwa anaenda kuuamsha.

Ilimchukua siku mbili kumpata. Mlinzi wa geti la shirika ndiye aliyekuwa anajua anapokaa. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita vya kupanga, vimezunguka ua mmoja wenye bomba moja. Mama alikuwa ameketi mlangoni kwake na watoto watano wadogo, wa majirani waliokwenda kazini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake sasa, kulea. Alikuwa anamfuta mmoja makamasi alipoinua macho.

"Shikamoo, bosi." Salamu ilimtoka kabla hajajizuia, na uso wake ukaonyesha kwamba angependa kuirudisha.

"Marahaba," alisema Kufuli, naye akaona aibu kuipokea. Akasimama palepale, hakukaribishwa kukaa. "Nimekuja kuomba msamaha. Kwa ajili ya ile simu."

"Umekumbuka?"

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa machozi. Swali lile hakuwa amejiandaa nalo.

"Nilikuwa nakumbuka siku zote," akasema.

Mama akaendelea kumfuta mtoto, ingawa pua ilikuwa imeshakuwa safi. "Unajua, mimi nilifika mahali nikaanza kujiuliza kama kweli nilipiga. Watu sita wamesikia umekataa, na wewe ni mtu usiyesahau kitu. Nikawa namuuliza mama yangu, labda niliota? Labda nilitaka kupiga sikupiga? Kazi mtu anaweza kukunyang'anya ukatafuta nyingine. Wewe ulinifanya nisijiamini hata kichwa changu mwenyewe. Mama alifariki mwaka juzi. Hadi siku ya mwisho alikuwa ananiombea Mungu anisamehe kosa langu."

Kufuli alitaka kusema pole, akaona neno lenyewe ni dogo, akalisema hivyohivyo. Kisha akamweleza kuhusu chuo na mhadhara. Akasema atasimama mbele ya kamati na kueleza ukweli wote, kama yeye mama ataridhia.

"Aa," mama alisema. "Utawaambia, watatikisa vichwa, wataona wewe muungwana kuliko wote. Na mimi nitabaki nimechorwa ubaoni. Sitaki. Kama unataka kusema, kasemee pale uliponyamazia. Waandikie shirika."

"Nikiandika shirika, hawa wa chuo wata..."

Mama alimtazama, na Kufuli hakumaliza. Ni kweli, wangejua. Kila anayeajiriwa chuoni huulizwa kama ana jambo lolote kwa mwajiri wa zamani, na fomu hiyo hujazwa kwa kiapo. Hakuna idara itakayompeleka darasani kufundisha usalama mtu aliyekiri kwa maandishi kwamba ripoti yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya uongo.

"Chagua mwenyewe," mama alisema. "Mimi sikukuita." Mtoto mmoja alikuwa amelowesha nguo, akambeba akaingia naye ndani.

Aliandika barua usiku wala hakulala. Asubuhi akamsomea mkewe. Alikuwa ameandika vizuri sana. Alikuwa ameandika kwamba "kulijitokeza upungufu wa mawasiliano baina ya pande mbili". Mkewe akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akapiga mstari juu ya maneno yale.

"Hiki ni kitu gani? Pande mbili zipi? Yeye alipiga, wewe ukakata. Andika ulimkatia simu."

Akaandika alimkatia simu.

"Na kule kwenye kikao uliulizwa, ukasema nini? Andika."

Akaandika. Barua ilipoisha ilikuwa nusu ukurasa tu, na ilimwia nzito kuibeba kuliko ile ripoti yote. Jumatatu akaipeleka shirika kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Alhamisi akaenda kwenye usaili na nakala yake mfukoni. Mkewe alikuwa amempigia pasi shati, na mlangoni akamrekebisha kola, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu siku ya ile ripoti.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mkuu wa idara, mama wa makamo mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso. Mhadhiri kijana mwenye kompyuta mbele yake. Na afisa utumishi aliyeshika faili. Chumba kilikuwa na ubao mweupe, viti vya plastiki na feni iliyokuwa ikizunguka kwa uvivu.

"Kabla sijaanza, someni hii," Kufuli alisema, akawawekea barua mezani.

Walipokezana. Afisa utumishi aliisoma mara mbili. Mkuu wa idara akashusha miwani machoni, akasoma, akamtazama. "Bado ungependa kutoa mhadhara?"

"Nimekuja kwa ajili hiyo, mama."

Akafundisha. Hakumtaja karani, wala kazi yake, wala kitengo chake. Alisema tu "mfanyakazi" na "mkuu wake". Alichora mstari mrefu ubaoni, kutoka Jumanne saa nne asubuhi hadi Ijumaa saa sita mchana, akaandika juu yake: saa sabini na nne. Akaonyesha wahalifu walikuwa wapi saa ya kwanza, kompyuta moja tu, ungeweza kuchomoa waya ukanywa chai. Walikuwa wapi saa ya ishirini. Walikuwa wapi saa ya sitini. "Kufungua barua mbaya ni kosa la sekunde moja, na kila mtu atalifanya siku moja, hata mimi, hata ninyi. Siku hiyo kinachowaokoa si mtambo. Ni kama huyo mtu anaweza kuinua simu bila kuogopa, na kama kuna anayeipokea. Mkuu yule alitumia miaka akiwafundisha watu mia tatu kwamba kuuliza ni aibu. Aliyethubutu kuuliza mmoja tu, naye akakatiwa simu."

Mhadhiri kijana alikuwa ameacha kugusa kompyuta. "Kwa hiyo mzee, mitego isitumike kabisa?"

"Itumike. Lakini hakuna jina linalosomwa mbele ya watu, na anayepiga simu ajibiwe, hata kama ni mtego. Hasa kama ni mtego. Utakuwa umeshamfundisha kitu kimoja: kwamba akipiga, anajibiwa."

Alimaliza dakika ya kumi na tisa. Kwa muda ule hakukumbuka kwamba anasailiwa. Alikuwa mwalimu, na alijijua kwamba ni mwalimu, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Kisha afisa utumishi akauliza kwa upole, "Suala hili sasa liko mezani kwa mwajiri wako wa zamani?"

"Tangu Jumatatu."

Afisa akafunga faili.

Wiki moja baadaye mkuu wa idara alipiga simu mwenyewe, hakumwachia katibu. "Mwalimu," alianza hivyo, na Kufuli akajua habari yote kwenye neno lile, maana mtu hupewa heshima nyingi hivyo pale anaponyimwa kitu. "Waliofundisha walikuwa watano. Hakuna aliyefundisha kama wewe. Utumishi wamesema haiwezekani, na kanuni ziko upande wao. Tumemchukua kijana mmoja kutoka benki. Samahani sana."

"Nimeelewa, mama. Ahsante kwa kunipigia."

"Ule mstari wa saa sabini na nne. Unaruhusu autumie darasani?"

"Autumie. Ila asiulize ni nani."

Iliuma, na hakuna haja ya kuipaka sukari. Jumatano ya kwanza kipindi kilipoanza tena, jioni, alivaa viatu akakaa sebuleni, akatazama saa mpaka wakati wa kipindi ukapita. Mkewe alizima cherehani, akaja akakaa karibu yake. Hakumtania. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, ndivyo wasemavyo, lakini yule mwanamke alimwambia pole, akaitikiwa, wakakaa pale mpaka giza likaingia.

Shirika lilichukua wiki saba. Barua ilikuja kwa jina la yule mama, ndani ya bahasha ya Kufuli, na kikaratasi kilichosema kwamba anwani yake haipo tena kwenye kumbukumbu, kwa hiyo mzee aombwe kumfikishia. Kazi hawakumrudishia. Walisema tu kwamba wamepitia upya jalada na adhabu yake imefutwa.

Alimkuta uani asubuhi, na foleni ya bomba ilikuwa ndefu. Maji yalikuwa yanatoka kwa saa chache tu siku hiyo. Wanawake wanane au tisa na ndoo zao, na bibi mmoja mwenye dumu la kijani. Mama alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea bahasha, akasoma amesimama. Alisoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Halafu akamrudishia.

"Isome."

"Lakini umeshaisoma."

"Hawa hawajaisoma."

Kufuli akageuka akawaona. Walikuwa wameshanyamaza, kama watu wa uani wanavyonyamaza mgeni akiwa na karatasi mkononi.

"Mama Kiu, huyo ni nani?" mmoja aliuliza.

"Alikuwa bosi wangu. Ana neno la kuwaambia."

Akafungua karatasi. Alisoma kichwa cha barua, tarehe, kumbukumbu namba, akafika kwenye mwili wake. Alipokaribia mwisho bibi mwenye dumu aliinua mkono.

"Ngoja, baba. Maji yanapiga kelele, sikusikia ni nani." Akainama akafunga bomba. "Haya, anza tena."

Akaanza tena. Akasoma jina la yule mama lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, jina ambalo wengi wa pale walikuwa hawajawahi kulisikia. Akasoma kwamba shirika limechunguza na kujiridhisha kwamba mtumishi huyo, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, kwa njia ya simu, kwa mkuu wake wa kazi, alitoa taarifa.

"Hapo," mama alisema. Alikuwa amefumba macho. "Rudia hapo."

Akarudia.